Porsche 911 mpya ya £120,000, baada ya miaka 3 itauzika kwa ngapi?

Msafiri_Reading
Habari zenu wakuu. Nipo Reading hapa Uingereza mwaka wa 17 sasa, nina kampuni ndogo ya usafirishaji, na tangu nikiwa dogo kule Morogoro ndoto yangu ilikuwa Porsche 911. Nimeenda shorumu, ile ninayoitaka na vikorombwezo vyake inafika £120,000, mkononi nina £45,000 zinazobaki mkopo wa miaka 3. Natembea kama maili 6,000 kwa mwaka. Mke wangu kauliza swali moja tu, siku tukitaka kuiuza tutapata ngapi, nikakosa jibu. Waliowahi kumiliki hizi gari naombeni hesabu za ukweli, bima, sevis, kila kitu.

fundi_coventry
Mkuu, shemeji kauliza swali lenyewe. Mimi ni fundi, miaka 11 nashika gari za aina hii. Ndani ya hiyo 120,000 kuna VAT ya 20%, yani £20,000 nzima ni ya serikali na atakayenunua kwako hakurudishii. Vikorombwezo navyo, rangi ya kuchagua mwenyewe, viti vya mshono mwekundu, unalipa maelfu, siku ya kuuza vinasaidia gari itoke haraka ila bei haisogei sana. Kodi ya barabara, gari iliyozidi £40,000 ikiwa mpya inaongezwa £425 juu ya ile £195 ya kawaida kwa miaka mitano kuanzia mwaka wa pili (viwango vya 2025/26), na zile injini zinazotoa zaidi ya gramu 255 za CO2 kwa kilometa, mwaka wa kwanza peke yake ni £5,490.

Halafu breki. Watakushawishi uongeze disk za kaboni seramiki kwamba ni za maisha. Kwa barabara ya kawaida zinadumu kweli, ila sisi karakana kabla ya kutoa tairi tunatoa kwanza bolti mbili tunapachika vijiti viwili vya kuongozea ili rimu itoke imenyooka, maana rimu ikigonga ukingo wa ile disk kinamegeka kipande, na disk ya hivyo haichongwi wala haizibwi, ni kununua nyingine, na seti nzima inapita £10,000. Fundi tairi asiyelijua hilo anakutia hasara kwa dakika mbili. Chukua disk za chuma.

Kibosho_77
Mimi niliingia kichwa kichwa 2021. Kampuni siitaji, ilikuwa coupe ya V8, mpya, £138,000. Baada ya miezi 29 na maili 9,000 ofa ya juu niliyopata ilikuwa £79,000 na deni bado lilikuwa £88,000, nikatoa £9,000 yangu mfukoni ili tu niachane na gari. Gawa hiyo £59,000 iliyopotea kwa miezi 29, ni zaidi ya £2,000 kila mwezi hata hujaweka mafuta, na bima £1,850 kwa mwaka na wakalazimisha nifunge kifaa cha kuifuatilia gari. Miezi ya mwisho nilikuwa nashtuka usiku nafungua simu kuangalia matangazo ya gari kama yangu, kila wiki mtu kashusha tena. Nilikuwa sina raha hata ya kuiendesha maana kila maili nilikuwa naiona kama hela.

Bint_Mvita
Pole sana kaka Kibosho. Lakini jamani zote hazishuki sawa. McLaren MP4-12C ilitoka 2011 huko kwenu kwa £168,500, leo zinauzwa nusu ya hiyo au chini, wakati 911 GT3, ile 911 ya kimbio, kuna nyingi zimeuzwa mtumba kwa bei kuliko mpya kwa sababu wanatoa chache na kupata nafasi ya kuoda ni kazi, hawampi mtu wasiyemjua. Ferrari nao wanatoa sevis za ratiba bure miaka 7 na inaifuata gari hata ikibadilisha mwenyewe, hiyo inashikilia bei. Mimi niko Dubai kwenye bima ya magari, huku kabla hata ya maili tunauliza gari ni ya Ghuba au imetoka Marekani, kwa kuwa nyingi za Marekani zilishapata ajali. Historia ndiyo bei.

Msafiri_Reading
Asanteni sana, nimemsomea mke wangu yote. Mpya nimeachana nayo. Nimeona moja ya 2022, mwenyewe mmoja, sevis zote zipo, disk za chuma, na ile £45,000 inaziba zaidi ya nusu. Jumamosi naenda kuiona, fundi nikague nini?

fundi_coventry
Hapo sawa. Nenda asubuhi, kabla ya salamu shika kifuniko cha injini kule nyuma, ikiwa ya moto muulize kwanini kaipasha, unataka kuisikia ikiwaka baridi. Inama nyuma ya zile tairi za nyuma upitishe kiganja upande wa ndani, 911 zinalika ndani wakati nje bado unaona kashata za tairi nzima, ukigusa nyuzi za ndani ya tairi basi toa hela ya tairi mbili kwenye bei. Tazama na ubavuni kama zina alama ya N, yani tairi zilizoidhinishwa na Porsche, Porsche wanaongeza waranti mpaka gari ifike miaka 15 ila bila tairi za N hawakupi. Piga picha ubavu wa zote nne utume hapa kabla hujalipa chochote.