Naomba ushauri: kadi ya dhahabu ya ndege bila kufilisika

Wakuu, habari zenu. Mimi ni wa Tukuyu, nafanya kazi Frankfurt. Nyumbani naenda mara mbili kwa mwaka, mara kwa Ethiopian, mara kwa Turkish, kutegemea nani kashusha bei. Dar hadi Songwe napanda Air Tanzania, ambayo haimo Star Alliance (muungano wa mashirika ya ndege waliomo Ethiopian na Turkish; kadi ya dhahabu ninayoitaka ni ya huko).

Kosa langu: nilijiunga ShebaMiles (mpango wa Ethiopian wa kukusanya maili, yaani pointi za safari) na pia Miles&Smiles (wa Turkish), maili zikagawanyika. Tiketi za bei chee nazo huleta maili kiduchu. Siku hizi nakagua daraja la tiketi (linaloamua maili) kabla ya kulipa, bado sifiki popote. Shida yangu hasa ni kilo za ziada ambazo kadi ya dhahabu huzitoa (mchele wa Kyela siuachi!).

Je, safari zote nizirundike kwenye kadi ipi? Au niachane na dhahabu, nilipie tu mzigo?