Malumbano si makelele

*Kikundi: Nyumba ya Bibi, Mombasa*

Salma: Assalamu alaikum nyote. Jana kwenye kikao cha harusi majirani walijaa madirishani kutusikiliza. Naomba malumbano yakome.

Babu Mwalimu: Wa alaikumu salaam, mjukuu wangu. Yale yalikuwa makelele. Usiyaite malumbano, neno la watu unalionea.

Salma: Shikamoo Babu. Kwani malumbano si ugomvi? Kila siku kwenye habari ni wanasiasa na malumbano yao.

Babu Mwalimu: Marahaba. Ndivyo linavyotumika sasa, sikatai. Lakini lifungue. Kulumba ni kusema kwa ufasaha mbele ya watu. Mwenye ufundi huo ni mlumbi. Wakikutana wawili, wanalumbana. Ni kama pata, patana, mapatano.

Juma: Ulumbi tunausoma kwenye Fasihi Simulizi! Na malumbano ya utani pia.

Babu Mwalimu: Basi waulize walimu wako habari za Muyaka bin Haji. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilikuwa zinawindana, mpaka wakapigana Shela, kule kule Lamu. Muyaka yuko hapa Mombasa, Zahidi Mngumi yuko Lamu, wanarushiana mashairi. Vitisho, kejeli, mafumbo, yote yamo. Lakini kila mstari una mizani 16, nane kwa nane, na vina vimekaa pake. Mtu hata akiwa na hasira vipi, lazima atulie ahesabu. Hilo ndilo lililonikaa moyoni tangu nikiwa kijana.

Shangazi Muscat: Maashallah kaka. Na mjadala je? Huku jadila ni msuko wa nywele. Nikimsuka mjukuu wangu huyu, naona shungi linapita juu ya jingine mpaka yamekazana.

Babu Mwalimu: Asili ni moja, dada. Kwa Kiarabu jadala ni kusokota kamba ikaze. Na Sura ya 58 inaitwa Al-Mujadila, kwa yule mwanamke aliyemjadili Mtume juu ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akamsikia.

Shangazi Muscat: Subhanallah. Alisikilizwa.

Mjomba Nahodha: Mmesahau ubishi. Baharini, chombo kubisha ni kwenda dhidi ya upepo. Huwezi kuuelekea moja kwa moja. Unakata kushoto, unakata kulia, safari ya saa 3 inakuwa ya kutwa. Lakini unafika. Jana nyinyi mlielekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo mkasimama hapo hapo, tanga linapiga tu.

Mama Salma: Mjomba umesema kweli. Mimi ndiye niliyepiga sinia chini. Wifi, nisamehe. Sikukuacha umalize hata sentensi moja.

Shangazi Fatuma: Nimeshakusamehe wifi yangu, wallahi. Lakini biriani bado naikataa.

Babu Mwalimu: Fatuma, lumba mwanangu. Hakuna atakayekukatiza.

Shangazi Fatuma: Haya. Wageni ni 300. Biriani ina masala yake mbali na wali wake mbali, kwa hivyo ni masufuria mara mbili, na mpishi tuliyemlipa ni mmoja. Pilau inaiva pamoja. Na kuni za kutosha hatuna.

Mama Salma: La masufuria sikulifikiria. Ngoja nimpigie mpishi.