Tupeane uzoefu: kumeza kwa shida ukiishi na MS, sisi wa Mtwara na Lindi

Wa Mikindani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kushinda. Kilichonifanya niandike ni maneno ya ndugu mmoja aliyedai hapa juzi kwamba ugonjwa wa multipo sklerosisi, huu tunaouita MS, humsumbua mtu miguu na macho tu, na kwamba mambo ya koo ni ya waliopigwa kiharusi. Mimi ninaishi na MS. Natembea kwa fimbo na nimekwisha kuizoea, lakini kinachonitesa kuliko vyote ni glasi ya maji. Tonge nikilitafuna taratibu hushuka, ila maji hunipalia, na hunipalia zaidi jioni mwili ukishachoka, na zaidi tena katika miezi ya joto kali. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imeshambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu, na kwamba palipoharibika panagusa shina la ubongo, ambako ndiko inakoratibiwa kazi ya kufunga njia ya hewa wakati wa kumeza. Ikichelewa kidogo tu, chai huwa imekwisha kuelekea mapafuni.

Jambo ambalo daktari hakuniuliza ni sinia. Kwetu, kwenye maulidi au msibani, watu huketi watano au sita kwenye sinia moja, na mwendo wa kula ni wa wote. Ukitafuna polepole unaonekana unawaringia watu chakula chao, na ukikohoa juu ya wali wa wenzako ndiyo umekwisha. Siku hizi nikikaribishwa husema nimefunga. Naomba aliyepitia haya aeleze anavyokula, anavyokunywa na anavyowaambia watu. Dawa za kuponya kabisa naomba zisiletwe hapa.

Chuno Juu

Ni kweli tupu. Watu huogopa ugali, kumbe hatari ni maji.

Binti wa Newala

Umenikumbusha dada yangu. Yeye alianza na jicho moja kufifia, akapewa rufaa, akasafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na huko ndiko alikopigwa picha ya ubongo na kuambiwa ana MS. Aliporudi nyumbani sote tulikuwa tukiangalia macho na miguu. Koo hakuna aliyelifikiria, kwa sababu dada hakuwa akikohoa. Alikuwa akila kimya, polepole, akibaki peke yake jamvini wakati wengine wamekwisha kunawa, na mama akimsema kwamba anadeka.

Kisha zikaanza homa. Homa hupanda usiku, asubuhi hushuka, tukaambiwa malaria, akanywa dawa, ikarudi, tukaambiwa tena malaria ingawa kipimo kilikuwa hakionyeshi kitu. Alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Nilichokuwa nikikiona mimi, na sikujua kina maana gani, ni kwamba akimaliza chai sauti yake ilikuwa ya majimaji, kana kwamba anazungumza huku bado ana funda mdomoni.

Usiku uliokuwa mbaya ulikuwa wa msimu wa korosho. Kifua kilikuwa kikikoroma, midomo imebadilika rangi, na kila tulipomlaza alishika shuka akitaka kuinuka. Gari lililopatikana lilikuwa limekwisha kupakiwa magunia. Mwenye gari, Mungu amjalie, aliyashusha barabarani usiku ule ule, tukamweka dada mbele, nami nikamshika mabega awe wima njia nzima kwa sababu akiinama nyuma alikuwa anazama. Ilikuwa nimonia. Daktari aliyempokea ndiye wa kwanza kuuliza kama sauti hubadilika baada ya kunywa, na ndiye aliyetueleza kwamba koo likishapoteza hisia, chakula na mate huingia mapafuni bila mtu kukohoa hata kidogo. Tangu hapo dada hala akiwa amejilaza, hukaa wima nusu saa baada ya kula, na hapigi usingizi bila kupiga mswaki, maana vijidudu vya mdomoni ndivyo vinavyosafiri na mate kwenda kifuani. Anayekohoa ana nafuu. Mwangalieni asiyekohoa.

Mstaafu wa Lindi

Poleni sana, wanangu. Mke wangu alipigwa kiharusi, naye alipata shida hiyo hiyo, kwa hiyo naongea ninachokijua. Sisi tuliokulia pwani tumefundishwa kwamba mwiba wa samaki ukikwama, unameza tonge kubwa la ugali wa muhogo bila kulitafuna, kisha unafyonza ndimu. Koo linalokataa lazimisheni kwa tonge, litazoea.

Korosho Ghafi

Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima zote: mwiba na mishipa ya fahamu ni mambo mawili tofauti. Tena uzi huu unahusu MS, hauhusu kiharusi.

Mstaafu wa Lindi

Marahaba. Koo ni koo, kijana. Unadhani tonge huuliza jina la ugonjwa kabla ya kushuka?

Korosho Ghafi

Haliulizi, mzee, ndiyo maana linaua.

Muuguzi wa Zamu

Naomba tusigombane. Mzee ana haki kwa upande mmoja, kwa kuwa mbinu nyingi za kumeza hutumika kwa magonjwa yote mawili. Tofauti ni kwamba MS hubadilikabadilika, leo unameza vizuri na kesho kutwa, baada ya homa, joto au uchovu, humezi. Lakini tonge lisilotafunwa ni hatari kwa wote wawili, hata kwa huyo mwenye mwiba. Ugali wa muhogo huvutika na kunata. Uwe laini, tonge liwe dogo, na litembee na mlenda au mchuzi mzito. Korosho na karanga hupasuka vipande vikavu vinavyotawanyika kooni, kwa hiyo zisagwe ziwe rojo. Kinachosahaulika ni vyakula vyenye hali mbili kwa pamoja: wali na mchuzi mwembamba, au dafu lenye maji na nyama yake humo humo. Maji hukimbia mbele, punje hubaki nyuma, na koo lililochelewa haliwezi kuvishughulikia vyote.

Kuhusu uzito wa kinywaji, kuna kipimo rahisi. Chukueni bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, ambalo mistari yake kutoka 0 hadi 10 ina urefu wa milimita 61.5. Zibeni tundu kwa kidole, jazeni uji hadi 10, achieni kwa sekunde 10, kisha zibeni tena. Ikibaki chini ya mililita 1 ni mwepesi kama maji. Kati ya 1 na 4 ni mzito kidogo sana. Kati ya 4 na 8 ni mzito kidogo. Ukizidi 8 huku ukiendelea kudondoka ni mzito wa wastani. Uzito unaomfaa mgonjwa husemwa na mtaalamu baada ya kumpima, kwani mzito mno nao hubaki umeganda kooni.

Chuno Juu

Bomba la 61.5 nitalipata wapi? Mama yangu huinamisha upawa tu.

Muuguzi wa Zamu

Pelekeni rula duka la dawa. Na jambo jingine kwa wanaotumia uji wa wanga: kijiko kilichotoka mdomoni kisirudishwe kwenye bakuli zima. Mate huvunja wanga, na uji uliokuwa mzito mwanzoni mwa mlo huwa maji mwishoni, mgonjwa akapaliwa na kile kile kilichoshuka vizuri dakika chache kabla.

Wa Kivukoni

Ngoja niwaeleze ya mume wangu, ambaye ana MS. Tulikuwa tunarudi kutoka Msanga Mkuu kwa mtumbwi wa mashine, naye akanunua pweza wa vipande na pilipili yake, akila huku akibishana habari za mpira. Ghafla akanyamaza. Nikadhani ameshindwa hoja. Kumgeukia, ameshika shingo, macho yamemtoka, sauti haitoki na kikohozi hakitoki. Abiria wote wakapiga kelele apewe maji, na mama mmoja tayari alikuwa amefungua chupa. Nahodha, mzee wa makamo mwenye msuli, aliachia usukani, akaipiga ile chupa ikaenda baharini, akamwinamisha mume wangu na kumpiga mgongoni kwa kiganja, kati ya mabega. Wapi! Akamkumbata kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, akavuta kwa ndani na kwenda juu, mara ya kwanza, ya pili, kisha kipande kikaruka na kutua kwenye tenga la dagaa la abiria mwingine. Wakati huo mtumbwi unajiendea unakotaka. Mume wangu alipovuta pumzi tu, mwenye dagaa akaanza kudai alipwe.

Korosho Ghafi

Mlimlipa?

Wa Kivukoni

Hatukumlipa. Kipande kilikuwa kimoja na tenga lilikuwa zima.

Mstaafu wa Lindi

Mngemlipa. Dagaa wale wameshaingia kinyaa, nani atanunua?

Chuno Juu

Mimi namtaka nahodha huyo. Ameoa?

Muuguzi wa Zamu

Alichokifanya nahodha ndicho kinachofundishwa. Anayeweza kukohoa aachwe akohoe. Asiyeweza apigwe mapigo 5 mgongoni, kisha mibinyo 5 ya tumbo, kwa zamu hadi kitoke, na aliyebinywa apelekwe akachunguzwe tumbo. Mjamzito hubinywa kifuani, si tumboni. Maji kamwe asipewe.

Korosho Ghafi

Na uraka, pombe ya mabibo, je? Wenzangu husema uraka haumpalii mtu.

Muuguzi wa Zamu

Pombe hulegeza hata koo la mzima. Niacheni na zamu yangu.

Wa Mikindani

Turudi kwenye koo, jamani, dagaa tumewamaliza. Nimeambiwa ninywe kwa mrija, wengine wakanikataza. Nimeambiwa niinamishe kidevu, wengine wakasema niinue kichwa maji yashuke yenyewe.

Binti wa Newala

Kuinua kichwa ndiko kunakofungua njia ya hewa. Dada alikatazwa kabisa. Kidevu huinamisha kuelekea kifuani, anameza, kisha anameza tena kabla ya kuvuta pumzi. Mrija humletea maji mengi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo tuliuacha, akawa anatumia kijiko.

Wa Kivukoni

Mume wangu kinyume chake. Kidevu kikiinama yeye ndipo anapopaliwa, na mrija mfupi humsaidia kwa sababu mikono inatetemeka na kikombe humwagika. Ilibidi apimwe kwa picha ya eksirei akiwa anameza ndipo ikajulikana.

Chuno Juu

Mimi nimehamisha mlo mkubwa kwenda saa nne asubuhi, kabla ya joto na uchovu. Usiku ni uji tu, redio imezimwa, na watoto wamekatazwa kunichekesha. Kwenye sinia naomba sahani yangu, na anayenuna anune.

Wa Mikindani

Hilo la saa nne nitalijaribu. Lakini vidonge je? Nina kile cha kulegeza misuli na kile cha kibofu, na vyote nameza kwa maji.

Muuguzi wa Zamu

Muulize mfamasia kabla ya kusaga chochote, kwa sababu vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole havisagwi. Kinachoruhusiwa kiwekwe kizima kwenye kijiko cha uji mzito au ndizi iliyopondwa. Cha kibofu kiulizie pia kama ndicho kinachokukausha mdomo, maana dawa nyingi za kibofu hufanya hivyo, na tonge halishuki bila mate. Huenda daktari akakubadilishia.

Mstaafu wa Lindi

Ndizi ya kupondwa hata mimi naikubali. Iwe mzuzu, iliyoiva.