Naomba ushauri: kuotesha mng'ongo

Habari za leo, wanakikundi. Niko Dodoma, nafuga mbuzi. Shambani kuna mng'ongo (mti wa matunda uitwao pia marula) wa tangu enzi za babu: matunda yake watoto wanayagombania na mbuzi, na majani nayakata kuwa malisho. Sasa umeanza kukauka upande mmoja, roho inaniuma.

Nililoweka kokwa siku 2, nikapanda 30 kwenye viriba. Zimeota 3 tu. Na kwa kuwa kuna mng'ongo dume na mng'ongo jike, sijui kama hiyo miche mitatu itazaa. Matawi ya unene wa kidole niliyochomeka yamekauka yote.

Je, tawi la kuchomeka liwe nene kiasi gani, na likatwe lini? Au nibebeshe (niunganishe) vikonyo, yaani vijitawi, vya mti huo wa babu kwenye miche yangu mitatu?