Swali Moja tu kwa Profesa

Zuhura: Shikamooni wakubwa wote. Nina jambo, naomba mnisaidie kabla ya kesho jioni

Mjomba Hamadi: Marahaba mwanangu. Sema.

Juma: Hela imeisha 😂

Zuhura: Wee Juma! Kesho hapa chuoni tunakutana na Profesa Thomas Zurbuchen. Wanafunzi wachache tu, na kila mmoja anapewa swali moja. Tangu asubuhi naandika nafuta

Mama Zuhura: Ndiye yule uliyesema alikuwa Nasa?

Zuhura: Huyohuyo mama. Alikuwa mkuu wa sayansi yote ya Nasa, shirika la anga la Marekani, 2016 mpaka mwisho wa 2022. Akarudi kwao Uswisi, na tangu 2023 ni profesa hapa ETH Zürich, ndiye anayeongoza mambo ya anga. Hii shahada ya mambo ya anga ninayosoma ilianza 2024, yeye akiwa ameshafika

Shangazi Rehema: Mwanaanga?

Zuhura: Hapana shangazi, hajawahi kuruka. Yeye alikuwa anaamua kipi kiruke

Mjomba Hamadi: Hiyo ndiyo kazi. Anayeruka anapigiwa makofi, anayeamua anaitwa bungeni mambo yakiharibika.

Juma: Ngojeni, huyu si ndiye aliyechana makaratasi? Ile roboti Perseverance ilipotua Mirihi, Februari 2021. Kaja mbele ya waandishi na mpango wa dharura mkononi, ule wa kufuata kama mambo yangeenda kombo, kauchana kamera zikiangalia 😂😂

Zuhura: Ndiye 😂

Juma: Basi muulize kama alikuwa na nakala nyingine

Mama Zuhura: Juma, mwenzio anahangaika, wewe unaleta utani.

Mjomba Hamadi: Mimi ningeanzia Bern. Mnajua kwamba mwaka 1969, safari ya Apollo 11, kabla bendera ya Marekani haijasimikwa mwezini, mwanaanga Aldrin alitandaza kwanza karatasi ya alumini ya kunasa upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua? Ilitoka Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi! Na huyu bwana kasomea fizikia hapohapo Bern, udaktari wake kaupata 1996. Mtoto wa mhubiri, kijiji cha milimani. Sasa muulize, yeye akiwa kijana pale, ile karatasi ilikuwa na maana gani kwa walimu wake, na je

Mjomba Hamadi: na je, alipokwenda Marekani aliona tofauti gani katika

Juma: Mjomba, hiyo hotuba. Mtoto kapewa swali

Shangazi Rehema: Mimi ninalo, ila msinikasirikie. Ile darubini ya James Webb ni dola bilioni 10. Nilisikia ilichelewa miaka na miaka. Kuna mtu alikuwa anakaa mezani anasema haya, ongezeni tena. Huyo mtu si ndiye yeye?

Zuhura: Kwa miaka ya mwisho, ndiyo. Mwanzoni kabisa walitaja 2007. Ikaruka 25 Desemba 2021. Na 2018, yeye akiwa ofisini, waliipitisha kwenye jaribio la kelele, yaani wanaipigia sauti kubwa kama ya roketi inayoondoka waone kama itahimili. Skrubu na washa za kifuniko cha kinga ya jua zikadondoka

Shangazi Rehema: Skrubu?? Kwa bilioni zote hizo?

Zuhura: Skrubu 🙈 Na hapo bado haijatoka duniani. Kinga yenyewe ina tabaka 5, ikikunjuka ni ukubwa wa uwanja wa tenisi, na ilibidi ikunjwe iingie kwenye roketi. Walihesabu sehemu 344 ambazo hata moja tu ikigoma, kazi yote inaweza kuwa imekwisha. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, fundi hafiki

Mama Zuhura: Mimi nisingelala.

Shangazi Rehema: Sasa skrubu zimedondoka, fedha zimeshazama, tarehe imesogezwa tena. Kwa nini hawakuiacha?

Zuhura: Hapo ndipo naona pana kitu. Kwa sababu kuna kitu kingine waliacha. Chombo chao InSight, kilitua Mirihi Novemba 2018, kilibeba kifaa cha Wajerumani cha kujichimbia mpaka mita 5 kwenda chini, kipime joto la ndani ya sayari. Kinajigonga chenyewe kishuke. Lakini lazima udongo ukibane pembeni, la sivyo kila kikijigonga kinaruka nyuma. Udongo wa pale ukakataa kukibana. Wakakisukuma hata kwa koleo la mkono wa roboti. Karibu miaka miwili! Januari 2021 wakasema basi, ncha yake ya juu ikiwa sentimita chache tu chini ya udongo

Juma: Inauma hiyo

Shangazi Rehema: Basi swali si ndilo hilo? Hii mliendelea, ile mkaacha. Mlijuaje?

Juma: Shangazi 🔥🔥🔥

Mjomba Hamadi: Nakubali, na mimi si mtu wa kukubali haraka. Halafu aongeze ile helikopta ndogo ya Mirihi, Ingenuity. Ilipangiwa kuruka mara 5, ikaja kuruka mara 72. Wangefuata ratiba wangeizima ikiwa bado nzima.

Zuhura: Subirini niandike

Zuhura: "Profesa, naomba kukuuliza kuhusu namna uongozi unavyoweza kufanya maamuzi ya kuendelea au kusitisha miradi mikubwa ya anga pale ambapo"

Mama Zuhura: Umeanza kuandika ripoti. Sema kama ulivyotwambia sisi.

Zuhura: Haya. "Profesa, skrubu za Webb zilipodondoka 2018, mliendelea. Kifaa cha InSight kilipogoma, 2021 mliacha. Ukiwa mezani siku hiyo, bila kujua mwisho utakuwaje, ulikuwa unaangalia nini?"

Shangazi Rehema: Hilo hawezi kulijibu kwa maneno ya magazetini.

Juma: Na ukishamaliza piga naye picha, uipakie humu

Shangazi Rehema: Picha zake zimejaa intaneti. Mimi nataka jibu. Andika akiwa anasema, usingoje ufike nyumbani.

Zuhura: Sawa shangazi, daftari nimeshaliweka kwenye mkoba

Mjomba Hamadi: Na ukipata mwanya, ile karatasi ya Bern

Zuhura: Mjomba 😂 swali MOJA