Waliosoma uchumi vyuo vya nje, tupeane uzoefu kabla hatujauza kiwanja cha Nala

Mjomba wa Ihumwa

Wakuu, mbukwenyi.

Nina binti wa dada yangu, kamaliza kidato cha sita, EGM (uchumi, jiografia na hesabu), kafaulu vizuri na hesabu ndiyo kaipasua kuliko yote. Hataki kusikia kingine ila uchumi, na hataki UDOM, chuo kikuu chetu cha hapa Dodoma, ingawa majengo yake anayaona akiwa mlangoni kwao. Kapata barua ya chuo kimoja Uingereza, shahada ya kwanza, miaka mitatu, ada inapita pauni 20,000 kwa mwaka. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 60, na hapo hajala wala hajalala. Baba yake alishatangulia mbele za haki, mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Kilichopo ni kiwanja cha Nala. Kikao cha ukoo kiligawanyika, mimi nikapewa kazi ya kuuliza.

Naomba mliosoma uchumi nje, iwe Ulaya, China, India au hapo Nairobi tu, mseme mlichokutana nacho darasani, mfukoni na mliporudi. Habari za kumtia moyo tunazo za kutosha, shangazi zake wameshamaliza.

Mtoto wa Bahi

Shikamoo mjomba. Nianze na darasani, maana huko ndiko watu wengi hawaambiwi ukweli.

Nilisoma uchumi shahada ya kwanza hapa nyumbani, nikatoka na daraja zuri, mikunjo ya IS-LM, ile ya riba na pato la taifa, naichora nikiwa nimefumba macho. Nikapata ufadhili wa masta Uingereza. Kabla muhula haujaanza kulikuwa na kozi fupi ya hisabati. Siku ile ya kwanza hakuna aliyechora mkunjo hata mmoja. Mhadhiri alianza na uthibitisho: onyesha kwamba suluhisho lipo, halafu onyesha kwamba ni hilo moja tu. Mchana tukaingia kwenye Lagrange, njia ya kutafuta kilicho bora ndani ya mipaka, kesho yake mlinganyo wa Bellman, ule wa maamuzi ya hatua kwa hatua. Wachina na Wahindi wa mstari wa mbele walikuwa wameshamaliza swali mimi bado nanakili. Uchumi wa kule ni hesabu iliyovaa suti, mjomba. Aliyepita na HGE (historia, jiografia na uchumi) na BAM yake, ile hesabu ya msingi, anafika, lakini atalala saa chache sana. EGM ya binti yako ni mtaji, asiiache ipoe wakati anasubiri.

Lakini kuna upande mwingine ambao ndio ulinifanya nisirudi nyumbani katikati. Tulipewa makala ya Fafchamps, Udry na Czukas ya 1998, inahusu wanakijiji wa Burkina Faso wakati wa ukame. Nadharia inasema mvua ikikataa, mwenye mifugo atauza ili chakula cha nyumbani kisipungue. Wao walipopiga hesabu wakakuta mauzo ya mifugo yalifidia kiasi kisichozidi asilimia 30 ya pato lililopotea, na pengine ni karibu na 15. Mhadhiri akauliza, kwa nini? Darasa kimya.

Nikanyoosha mkono, nikawapeleka mnada wa Msalato. Mwaka wa njaa kila mtu anafika Jumamosi na ng'ombe wake, wote wamekonda, wanunuzi ni walewale. Bei inaanguka mbele ya macho yako. Mzee wangu alikuwa anasimama pale hadi saa tisa, anaondoka na dume lake, na nyumbani tunakula ugali wa uwele na mlenda mara moja kwa siku. Sisi watoto tulimwona mchoyo. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya mwaka unaofuata: mvua ikirudi atalima na nini, na mahari ya kaka zangu itatoka wapi? Yule mhadhiri akaacha slaidi zake, akaniuliza maswali hadi muda ukaisha, kisha akasema hiyo ndiyo tasnifu yako.

Nikaiandika. Takwimu nilizotumia ni za ule utafiti wa NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, unaofuatilia kaya zilezile, ulioanza 2008/09, na zinapakuliwa bure mtandaoni. Ofisi yenye takwimu ina makao yake hapa hapa Dodoma, na mimi nilizifungua mara ya kwanza nikiwa nimevaa koti na glovu.

Kizota Kwanza

Kiwanja kimoja cha Nala hakimalizi hata mwaka mmoja wa huyo binti, labda kiwe shamba. Na tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, ardhi ya huku haijui kurudi nyuma. Mwaka wa pili mtauza nini, mabati?

Huyo binti anaenda kusoma gharama ya fursa, yaani kile unachokikosa kwa kuchagua kingine. Aanze na hiyo.

Mjomba wa Ihumwa

Kizota Kwanza, hilo ndilo lililogawanya kikao. Wapo waliosema tuuze mwaka wa kwanza tulipe, huko mbele atafanya kazi ajilipie. Mimi nikasema hela ikipatikana iwekwe kwenye akaunti yangu ili isipotee. Nimekosea wapi?

Binti wa Mpwapwa

Mjomba wangu, hapo kwenye akaunti simama kwanza.

Viza ya mwanafunzi ya Uingereza ina masharti yake ya fedha. Hela ya ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki, pamoja na ya kujikimu hadi miezi tisa, lazima ionekane benki kwa siku 28 mfululizo, isishuke hata siku moja. Na akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi wake, au ya mlezi anayetambulika kisheria. Mjomba asiye mlezi wa kisheria hahesabiki, hata ungekuwa ndiye uliyemlea. Kwa hiyo hela ikae kwa mama au kwa binti.

Sasa weka hapo na biashara ya viwanja vya Dodoma ilivyo. Mnunuzi anakuja na nusu, nyingine "nikivuna", nyingine "mkopo ukitoka". Siku 28 zinaanza kuhesabiwa fungu lote likishatimia. Nimeona mtu nafasi yake ya chuo ikaisha muda akimsubiri mnunuzi wa Veyula amalizie.

Halafu kuna ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na inalipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Wengi huiona wakiwa wamefika ukurasa wa malipo. Kipimo cha kifua kikuu ni lazima, unakwenda Dar, na alama za vidole ni Dar pia. Siku hizi treni ya SGR imerahisisha, unaondoka asubuhi unarudi usiku, lakini nauli na chakula ni vyako.

Hiyo ya kujilipia kwa kufanya kazi, mwambieni aliyeisema akae chini. Mwanafunzi wa shahada kule anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Zinatosha chakula na sehemu ya pango, tena ukipata zamu zote. Ada ya mgeni hazigusi.

Mimi nilisoma Ujerumani, masta. Vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada, unalipa mchango wa muhula tu. Baden-Württemberg wao wanatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Kinachobana ni akaunti iliyofungwa: unaweka yuro 11,904 za mwaka mzima kabla ya kwenda, halafu unatolewa 992 kila mwezi. Hela ni yako, unaila mwenyewe, lakini lazima iwepo. Shahada ya kwanza ya uchumi huko kwa kawaida inafundishwa Kijerumani, kwa hiyo kwa binti wa kidato cha sita si njia ya haraka. Kwa masta, nenda ukiwa na ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, au na akiba.

Dada wa Singida

Mimi ni wa China, shahada ya kwanza, ufadhili wa serikali yao. Kwa shahada ya kwanza posho ilikuwa yuani 2,500 kwa mwezi, ada wamefuta, bweni bure. Sikuuza hata kuku.

Mwaka wa kwanza wote ni lugha. Unakaa darasani unaandika vibambo hadi vidole vinauma, mtihani wa Kichina wa HSK unakusubiri, na uchumi haujauona. Ukiingia kwenye kozi yenyewe, nadharia ya bei unaielewa kwa sababu grafu ni zilezile, lakini siku ya historia ya mageuzi yao ya 1978 mhadhiri anaongea kama mvua ya Januari na wewe umeshika neno moja moja. Hapo marafiki wa Kichina ndio waliniokoa, mmoja alikuwa ananirudia mhadhara kwenye foleni ya chakula.

Nilichopenda: somo lile la mageuzi. Wanakijiji kupewa ardhi walime kwa mkataba wa kaya, ziada wauze. Mimi nimekulia Iramba nikisikia habari za vijiji vya ujamaa kwa bibi yangu, alivyohamishwa na chungu chake kichwani. Nilikuwa nasoma yao nikiwaza yetu. Ningekuwa London sijui kama ningeipata kwa kina kile.

Tahadhari moja. Hakikisha unaletewa cheti na matokeo yenye tafsiri rasmi yenye muhuri, na ufanye hivyo kabla hujaondoka. Kuyafuatilia ukiwa Singida ni kazi nyingine.

Sasa hivi niko kwenye alizeti, nanunua mbegu nakamua. Watu wananiuliza shahada ya uchumi inafanya nini kwenye kiwanda cha mafuta. Nawaambia waje waone daftari langu la bei.

Mchumi Daraja la II

Niongezee la kurudi, maana ndiko nilikoumia.

Nilirudi na masta ya nje, ekonometriki (kupima uchumi kwa takwimu) kichwani, Stata, ile programu ya takwimu, naiendesha usiku kucha. Tangazo la kwanza la kazi likasema waliosoma nje vyeti vyao viwe vimehakikiwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Sawa, nikaomba uhakiki, nikaleta viambatanisho vyote, ukatoka. Anayerudi afanye hilo wiki ileile aliyoshuka kwenye ndege, matangazo ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, hayana subira.

Nikaitwa usaili wa Mchumi Daraja la II. Nimejiandaa kwa siku kadhaa: mfumuko wa bei, nadharia za ukuaji, nimesoma hadi hotuba ya bajeti. Nimeingia, jopo likaniuliza: eleza hatua za Fursa na Vikwazo, ule utaratibu wa kupanga na wananchi, katika kuibua mipango ya kijiji. La pili, mfumo wa PlanRep unatumikaje katika bajeti ya halmashauri? La tatu, mwenyekiti wa kijiji akikataa mradi ambao fedha zimeshakuja utafanyaje? Nje ya chumba kulikuwa na vijana wa Chuo cha Mipango wanacheka wakisubiri zamu, hayo wameyasoma, na wengine wameyafanya kwa mikono yao wakiwa mazoezini Chamwino na Kongwa. Mmoja wao alipata, na alistahili.

Mimi nilipata mara ya pili, halmashauri moja ya kanda hii. Ekonometriki naitumia? Kidogo sana. Ninachotumia kila siku ni ule uzoefu wa kukaa na jedwali chafu la takwimu hadi liseme kitu. Juzi tu idara mbili zilileta idadi mbili tofauti za kaya za kata moja, na kila mtu yuko tayari kusaini.

Kwa anayetaka uchumi wa juu bila kuvuka bahari: tulikuwa na mpango wa masta ulioratibiwa na AERC, ile taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika iliyoanzishwa Nairobi 1988. Unasoma chuo cha nyumbani, halafu mnakusanywa Nairobi kwa kozi za kuchagua pamoja na wenzenu wa Uganda, Ethiopia, Malawi, Ghana. Mitihani migumu, wahadhiri wanatoka kila pembe. Nilipita huko kabla ya ile masta ya nje, nikakaa chumba kimoja na Mmalawi ambaye sasa ndiye ninayempigia nikikwama kwenye modeli. Aulize mpango wa sasa ukoje katika idara ya uchumi ya UDSM.

Kizota Kwanza

Kwa hiyo wote wanne waliofaidi hapa hawakuuza ardhi. Nimesoma vizuri?

Mtoto wa Bahi

Umesoma vizuri. Mjomba, ufadhili mwingi wa uchumi uko kwenye masta. Chevening kwa mfano ni mwaka mmoja, wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Jumuiya ya Madola wapo, na Benki ya Dunia pamoja na Japani wanao wao kwa watu wenye uzoefu wa kazi za maendeleo. Kwa shahada ya kwanza, China na Uturuki ndio milango iliyo wazi zaidi, na Mastercard Foundation kwa wenye uwezo mdogo na ufaulu mkubwa. Yatima anayelelewa na mama mwalimu, tena mwenye alama kama hizo, asiache kuomba huko.

Mjomba wa Ihumwa

Ahsanteni sana. Nimeyapeleka kwenye kikao jana. Kiwanja kimebaki. Binti kaambiwa aombe UDOM na UDSM kwenye dirisha hili, sambamba na ufadhili wa China na Uturuki, na barua ya Uingereza aandike aombe kuahirishiwa mwaka. Kalia kidogo, kakubali. Shangazi mmoja bado hajanisalimia.

Mwenyewe yuko hapa pembeni anasoma simu yangu. Anauliza, ajifunze Stata au R wakati anasubiri?

Binti wa Mpwapwa

R, mwanangu. Ni bure, na inafunguka hata kwenye kompyuta ya zamani. Stata atakutana nayo chuoni kwenye leseni ya chuo.

Mtoto wa Bahi

Akishaipakua anitafute inboksi, nitamwonyesha zile takwimu za kaya zinapopatikana. Aanze na faili la mifugo.