Ushauri: Mimi na mume wangu tunataka kuzunguka Unguja kwa gari mwezi wa saba, tukitokea Moshi

Mama_Uru

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa saba watoto watakuwa kwa bibi yao, na sisi wawili tumepata nafasi ya wiki moja. Mnaoishi huku mnajua hali ilivyo kipindi hicho: ukungu mpaka mchana, mlima hauonekani, masweta hayavuliwi. Tunatamani jua na bahari.

Hatutaki kujifungia hotelini. Tunataka kuzunguka kisiwa cha Unguja kwa gari, kijiji hadi kijiji, tukisimama tunapopapenda. Tuna kigari chetu, IST. Mume wangu anataka tuivushe, mimi naona tuiache Dar tukodi kule. Halafu tukiangalia ramani kisiwa ni kidogo, urefu wake kama kilomita 85 tu, kwa hiyo yeye anasema tulale Zanzibar Mjini siku zote na kukizunguka chote kwa siku mbili.

Sote ni walimu, hela yenyewe tumeidunduliza. Naomba ushauri wa wanaopajua: tulale wapi, tuanzie upande gani?

Dereva_wa_Himo

Mwalimu, IST iacheni bara. Kuvusha gari ni nauli yake na makaratasi yake, na ya kukodi mnaipata kule kwa urahisi. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye gari awaonyeshe bima na kibali cha kukodisha, kwa sababu vizuizi vya polisi vipo na watawauliza nyinyi, siyo yeye. Leseni zenu msizisahau.

Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Tokeni alfajiri, Same mnaipita asubuhi, chakula mnakula Korogwe au Segera. Chunguza sana vibao vya 50 vijijini, trafiki wamejaa njia nzima. Msipange kuvuka siku hiyohiyo. Foleni ya kuanzia Kibaha kuingia mjini haina adabu, mtaikosa boti na mtakuwa mmechoka. Laleni Dar, vukeni asubuhi. Boti za mwendo kasi zinachukua kama saa mbili. Mbebe vitambulisho, tiketi hukatiwi bila kitambulisho.

Binti_Makunduchi

Assalaam aleykum dada Mama Uru. Mie mzaliwa wa shamba huku kusini, nitakwambia ninavyopajua.

Kwanza hilo la siku mbili mwambie shemeji aliache. Unguja haizungukiki kwa kufuata pwani. Barabara zetu nyingi zinatokea Mjini na kutawanyika kwenda shamba, halafu katikati ya mashariki kuna ghuba ya Chwaka imeingia ndani. Ukisimama Michamvi unaiona ng'ambo ya pili kwa macho, lakini barabara ya kukatiza hakuna. Inabidi urudi Paje, upite Jozani, ufike upande wa Tunguu, ndipo ushike njia ya Dunga ushukie Chwaka. Mkilala Mjini kila siku, nusu ya likizo itaishia kwenye barabara ileile. Gaweni: siku chache kusini mashariki, Jambiani au Paje, kisha mhamie kaskazini, na Mjini muache mwisho.

La pili ndilo nataka mlishike zaidi. Huku siku haipangwi kwa saa, inapangwa kwa maji. Mashariki bahari ikipwa inakwenda mbali mpaka unaona mawimbi yanavunjika kule kwenye mwamba, na hapa mbele ni mchanga na madimbwi tu. Wageni wengi wanafika, wanaangalia, wanasema wameibiwa bahari. Fuateni tarehe za Kiislamu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kukauka sana, tofauti inafika kama mita nne. Siku hizo maji yanakauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa alasiri. Kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Tarehe saba nane na ishirini na mbili tatu za mwezi ni maji mafu, hayendi mbali wala hayaji sana.

Bamvua isiwatishe. Asubuhi ile ndiyo ya kuwaona wanawake wa Jambiani na Paje wakiingia kwenye mwani, yale majani ya baharini wanayoyalima. Wamefunga kanga kiunoni, maji magotini, wameinama juu ya kamba zilizofungwa kwenye vigingi, wanafunga kipande kimoja kimoja cha mwani kwa uzi. Kazi hii imeanza huku mwishoni mwa miaka ya 1980 na imesomesha watoto wengi. Msikanyage kamba, salimieni kwanza, na picha ombeni. Vaeni viatu vya plastiki, wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba wamejaa kwenye mawe. Kuogelea subirini alasiri.

Na mkipita Jozani endesheni polepole. Yale matuta yamewekwa kwa ajili ya kima punju, wanavuka barabara na watoto wao. Kima hao asili yao ni hapa Unguja tu.

Kaka_wa_Sakina

Naunga mkono kulala sehemu mbili. Mimi na mke wangu tulitoka Arusha kipindi hichohicho cha kusi, upepo wa kutoka kusini. Ongezea upepo: Paje unavuma kwelikweli, ndiyo maana wazungu wanakwenda na yale matiara ya kuvutwa majini. Kama wewe au mumeo anataka maji ya kuoga tu muda wowote, Nungwi na Kendwa ndiko, kule bahari haikimbii sana. Kwenye boti, wakati wa kurudi Dar mnaukabili upepo wa kusi, kwa hiyo kuyumba ni kukubwa kuliko kwenda. Kaeni katikati ya boti, chini, na msile chakula kizito.

Jambo jingine hakuna aliyelisema: bebeni cheti cha ndoa. Nyumba moja tuliyofikia, mapokezi wakatuomba. Ikabidi tumpigie shemeji Arusha avunje kufuli la kabati akipige picha atutumie, na sisi tumekaa kibarazani na mabegi. Hawakutusumbua kwa ubaya, ni utaratibu wao, lakini saa nzima ilipotea.

Pia Julai na Agosti ni msimu wa wageni wa Ulaya, bei zinapanda. Piga simu mwenyewe, ongea Kiswahili, uliza bei ya Mtanzania. Bei ya mtandaoni mara nyingi siyo hiyo.

Mama_Uru

Mungu awabariki. Mume wangu amesoma yote, amekubali IST ibaki Dar. Binti Makunduchi, nina mawili. Kizimkazi kwa ajili ya pomboo, tutoke Jambiani? Na mavazi yangu, mimi ni Mkristo, nijifunike?

Binti_Makunduchi

Kizimkazi mnatoka Jambiani mnapitia Makunduchi, siyo mbali. Nendeni alfajiri kabla boti hazijawa nyingi. Mkiona boti zimewazunguka pomboo, mwambieni nahodha asimame mbali, wala msirukie majini juu yao. Wanyama wale wanachoka. Mkitoka hapo muone msikiti wa Kizimkazi Dimbani, una maandishi ya mwaka 1107 ukutani kwenye kibla. Unaswaliwa mpaka leo, kwa hiyo ombeni ruhusa kwa mwangalizi.

Mavazi: kichwa si lazima. Ufukweni vaa utakavyo kuogelea, ukiingia kijijini au dukani jifunge kanga na mabega yafunike. Na nyinyi wawili mkishikana mikono hakuna neno, ila mengine muyaache chumbani. Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, pia huwa mwezi wa saba, hapa kwetu Makunduchi. Ulizia tarehe ukifika, kama inaangukia siku zenu karibuni nyumbani.

Mzee_Mwanga

Mkitoka kaskazini kurudi Mjini msipite barabara kuu moja kwa moja. Kateni Mangapwani mkaone chumba cha chini walimofichwa watumwa. Sisi watu wa bara ni ndugu wa waliopitia pale, misafara ilipita mpaka huku kwetu Upareni. Nawasihi mshuke ngazi zile, mkae kidogo, halafu muendelee na furaha yenu.

Mama_Uru

Ahsante Mzee, tutapita. Binti, nimechukua kalenda ya jirani yangu Mwislamu: siku zetu za Jambiani zinaangukia tarehe 13 hadi 16 ya mwezi. Hiyo ni bamvua, sivyo?

Binti_Makunduchi

Ndiyo bamvua yenyewe. Asubuhi kwenye mwani, alasiri kuogelea. Kaskazini mtafika maji yanaanza kuwa mafu, mmepanga vizuri.